Tarehe ya Kurudi

Kilichoninyima usingizi kilikuwa tarehe. Kwenye ukurasa wa kukata tiketi za treni ya mwendokasi kulikuwa na mahali pa kujaza siku ya kurudi, na mimi sikujua nijaze nini.

Bibi mzaa mama, ninayeishi naye hapa Pongwe pamoja na mama, alikuwa anakwenda Dodoma kumwona kaka yake. Mtoto wa yule mzee, ambaye namwita mjomba, alishatuambia kwa simu kwamba hali si nzuri, na kwamba mgonjwa kila akizinduka anamuulizia dada yake. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Waliachana kwa maneno ambayo nyumbani kwetu hayarudiwi. Bibi alitaka jambo moja tu, watakane radhi wote wawili wakiwa hai.

Nyonga yake isingevumilia basi mpaka Dodoma. Tukakubaliana twende Dar es Salaam kwa basi siku ya Alhamisi, tulale kwa shangazi, Ijumaa asubuhi tupande treni. Msindikizaji nilikuwa mimi, kwa kuwa nimemaliza chuo na sina kazi.

Mama alitaka shangazi aende dirishani stesheni, akate tiketi, aziweke kwenye bahasha ampe konda wa basi la Tanga. Nikamuuliza, konda akisahau je? Bahasha ikishushwa Muheza je? Mama akachoka nami. Posta hata hatukuitaja, maana ufunguo wa sanduku letu ulipotea tangu babu afariki. Kungoja tukatie palepale stesheni siku ya safari nako sikuweza. Nilishamwona bibi kichwani mwangu, kaegemea nguzo, anaambiwa treni imejaa. Ikabaki simu. Unajaza majina na namba ya kitambulisho, unachagua kiti, unalipa, tiketi inaingia palepale.

Jumatano asubuhi nilimkuta bibi uani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Macho mekundu hayo, ulilala kwa mke mwenzangu?"

Nilicheka kidogo, kisha nikamwambia kwamba simu inauliza tutarudi lini.

"Inauliza ya nini? Kwani ndiyo iliyotuzaa?"

"Ili ituwekee viti, bibi. Vya kurudi huwahi kuisha."

"Andika Jumatatu, yaishe," mama alisema kutoka jikoni.

Bibi akauweka ungo chini. "Siku tatu? Kwani nakwenda harusini mimi?"

"Basi mwezi ujao," nikasema.

"Mwezi ujao," bibi akarudia taratibu. "Kwa hiyo nyinyi mmeshamzika, na hitima mmesoma."

Mama alifungua bomba la maji ingawa hakuwa na chombo cha kuosha. Mimi nilitaka kusema kwamba sikukusudia hivyo, lakini nilikuwa nimekusudia hivyohivyo. Nilikuwa nimehesabu siku za ugonjwa, siku za msiba, na za bibi kukaa na wafiwa, kama mtu anayepanga ratiba ya mitihani.

Kulikuwa na chaguo jingine, na nililiona tangu mwanzo: kwenda tu. Nililikwepa. Kumkatia tiketi ya kwenda tu mwanamke wa umri ule niliona kama uchuro. Jumatatu ilimfanya mgonjwa apone kwa lazima, mwezi ujao ulimuua, na hii ya tatu ilimwacha bibi hukohuko. Nikaizima simu, nikaenda kuoga. Nilipotoka nikaiwasha, nikaizima tena.

Baada ya adhuhuri mjomba alipiga.

"Mwanangu, mmefikia wapi? Mzee anauliza kama dada yake ameshatoka."

"Kesho tunaanza safari, mjomba."

"Tiketi mnazo?"

Nikamwambia nashughulikia. Akasema, "Shughulikia, baba. Usichelewe."

Nilifungua ukurasa ule. Treni ya Ijumaa asubuhi, ambayo mapema ilikuwa na viti tele, ilikuwa imebakiwa na vichache, vingi vimeachana. Hata hapo kidole changu kilikwenda kwenye tarehe ya kurudi. Ndipo nilipojiuliza kwa nini naing'ang'ania, na jibu halikunipendeza. Bibi hakuwa ameuliza hata mara moja tutarudi lini. Aliyetaka kujua ni mimi. Nilikuwa nimeomba kazi sehemu kadhaa, na kila siku nilisubiri kuitwa kwenye usaili. Niliogopa simu inikute Dodoma, nimekaa kando ya kitanda cha mtu ambaye hafi wala haponi. Hofu yangu niliivika nyonga ya bibi, nikaiita kumjali.

Niliona aibu ambayo sikuwa na wa kumwambia.

Nikachagua kwenda tu. Nikajaza namba ya kitambulisho cha bibi, kisha yangu, nikachukua viti viwili vilivyokuwa bado pamoja, nikalipa. Tiketi ziliingia kabla sijaiweka simu chini. Nikatoka uani kumwambia bibi afunge mzigo wake, na kwamba siku ya kurudi ataisema yeye.