Mkia Uliochorwa kwa Penseli

Kasimiri alikuwa na studio ya picha karibu na soko la Morogoro, na watu walimwamini. Mwezi Machi mwaka sabini na sita, nyota ya mkia ilipotokea mashariki kabla ya mapambazuko, aliwaahidi wateja wake kuwa ataipiga picha na kuitundika dirishani.

Alfajiri tatu mfululizo alisimamisha kamera uani kwake. Lakini nyumba yake ilikuwa kwenye viwanja vipya, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda ambacho taa zake za ulinzi ziliwaka mpaka kunakucha. Mwanga ule ulitanda angani ukaimeza nyota. Kila filamu aliyoisafisha ilitoa ukungu wa kijivu tu. Angeweza kupanda mlimani kwenye giza. Alijiambia kazi ni nyingi.

Watu walipozidi kuuliza, alichukua negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, ya zamani ya milima ya Uluguru, pamoja na penseli aliyotumia kuwafutia maharusi chunusi. Akachora nyota juu ya filamu hiyo, na mkia wake akaulaza ubavu, kama alivyowahi kuuona kwenye kalenda ya misheni. Picha ikatoka safi mno.

Watu walijaa dirishani. Leonard, mwalimu wa shule ya jirani, alileta darasa zima. Siku ya soko akapita Bi Yustina, mkulima wa Kinole, kule milimani, aliyekuja na lori la ndizi. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Siyo hii," akasema. "Nimeiona siku nne nikienda kusubiri lori. Mkia umesimama, unaelekea juu."

Leonard akatabasamu. "Kamera haina sababu ya kudanganya, mama. Labda usingizi ulikuwa haujakutoka."

Watu wakacheka. Yustina akamgeukia Kasimiri pale mlangoni, aliyewahi kupiga picha za harusi ya binti yake, akamngoja aseme neno. Kasimiri akainama, akawa anafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Mama yule akajitwisha tenga lake, akaenda zake.

Wiki ile alirudisha sahani zikiwa zimejaa. Mkewe alipomuuliza, alisema ni tumbo. Jumapili akadandia lori la Kinole, akamkuta Yustina akianika pilipili manga kwenye mkeka. Akamwamkia, akachuchumaa, akaeleza yote bila kumtazama usoni. Yustina aliendelea kutandaza pilipili zake.

"Mimi nilijua nilichokiona," akasema mwishowe. "Na huku hakuna aliyenicheka. Kaseme kule."

Jumatatu Kasimiri aliishusha picha, akamwita Leonard, na mbele ya wateja akasema aliichora kwa mkono wake, na kwamba mama wa Kinole alisema kweli. Leonard akauliza kama anaweza kuichukua picha kwa ajili ya shule, kwa sababu watoto walikwisha kuandika insha. Mteja mmoja akasema fundi anajishusha tu. Kasimiri akaichana vipande vipande, na hata hivyo wapo walioendelea kuisifu mwaka mzima.

Yustina hakumrudia kwa picha tena. Walipokutana sokoni Kasimiri alimwamkia kwa heshima, naye aliitika marahaba, bila kupunguza mwendo.