Mabondo Nyuma ya Kioo

Nilianza kuiona Vietnam nikiwa nimekasirika. Abiria wote wa ndege yetu walipita, mimi na mwenzangu wa Sengerema tukawekwa pembeni. Ofisa aliikwaruza picha ya pasipoti yangu kwa ukucha, akamwita mwenzake, naye akaikwaruza. Tulieleza kwamba tumealikwa kujifunza ufugaji wa samaki kwenye vizimba, kazi tunayoifanya huku ziwani. Hawakutusikiliza mpaka mkalimani wetu, binti mpole aliyekuja kutupokea, alipoingia kutuombea.

Kesho yake alitupeleka sokoni. Sisemi uongo, palinivutia. Pikipiki zilipita kwa wingi kama senene, na watu wazima walikula supu wamekalia vistuli ambavyo kwetu tungewapa watoto. Ndipo nikaona, kwenye kabati la kioo, kitu ninachokijua: mabondo makavu, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, yamefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi.

"Muulize yametoka wapi," nilimwambia binti.

"Anasema Afrika, kwenye ziwa kubwa."

"Mwambie hilo ni ziwa letu. Mimi nimezaliwa Mwanza."

Mwenye duka alinitazama, akacheka, akasema neno. Binti akainamisha kichwa.

"Amesema nini?"

"Mama, twende tu."

"Amesema nini?"

"Anasema watu wa huko hawajui kula. Kizuri wanakiuza, wenyewe wanakula mifupa."

Damu ilinichemka. Mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa, nimeyala utoto wangu wote, na mama yangu aliyapigania kwa viwiko.

"Mwambie si kwamba hatujui kula! Minofu inapanda ndege, sisi tunabakiziwa mifupa. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Alitafsiri kwa sauti ndogo. Mwenye duka akaacha kucheka, lakini hakuomba radhi. Mwenzangu alinivuta mkono: "Achana naye, tumekuja kusoma." Nikamkasirikia na yeye.

Mchana nikaagiza supu ya mabondo. Ilikuwa laini, haina shombo hata kidogo. Nilikula nimenuna, nikamaliza bakuli.

Niliporudi Mwanza nilikwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikachagua sangara mzima. Kijana wa kupasua alipomaliza, akaliweka bondo kando, kwenye ndoo ya mnunuzi wa mabondo.

"Lete na hilo."

"Mama, hilo haliliwi. Ni la Wachina."

"Nani kakwambia haliliwi? Umewahi kulionja?"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakageuka. Mnunuzi akaja juu, akadai mabondo yote ya mwalo ule ni yake.

"Samaki nimemnunua mimi," nikamwambia, "na tumbo lake ni langu."

Nililichukua mwenyewe ndooni kwake, likiwa bado linateleza kwa damu. Jioni nililipika kwa nyanya na tangawizi. Mume wangu alionja, akaongeza ugali.