Bi Mwatima na Jua la Alhamisi

Bi Mwatima wa Konde hakuwa na subira na binadamu, lakini jua alilisubiri. Maisha yake yalikuwa kuanika karafuu: asubuhi anatandika majamvi uwanjani, mchana anapita juu yake pekupeku akizigeuza kwa nyayo, alasiri anazianua. Karafuu zake zilikuwa hazijawahi kukataliwa kwenye kituo cha ununuzi. Mwaka juzi uangalifu wake ulizidi, kwa kuwa zao la msimu ule lilikuwa la kumnunulia binti yake, Mgeni, kitanda na kabati la kwendea kwa mume.

Katikati ya msimu akaja mtoto wa kaka yake, Nassor, mpima ardhi anayekaa Jadida, mjini Wete. Mashine yake ya kupimia viwanja hutegemea satelaiti, na jua likichafuka humdanganya; siku moja ilimwambia mnazi wa watu umehamia barabarani. Ndiyo maana Nassor hufuatilia utabiri wa jua kwenye simu. Akamwonyesha shangazi yake picha zilizopigwa na chombo kilichotumwa angani kulichunguza jua bila kupumzika: madoa meusi, na ndimi za moto zilizojikunja kama nywele zilizosukwa kwa haraka.

Bi Mwatima akaishika simu kwa mikono miwili.

"Kumbe ndivyo lilivyo," akasema. "Miaka yote nafanya nalo kazi, sijapata kuliona uso."

Mimi, jirani yake, nilikuwa nimekaa naye barazani. Nikawaza ni wangapi kati yetu waliowahi kumtazama usoni, kwa utulivu, yule waliyemtegemea umri mzima.

Tangu hapo, kila akimaliza sala ya alfajiri alimpigia Nassor kuuliza jua limeamkaje. "Limetulia, shangazi." Au, "Leo lina hasira kidogo." Sisi majirani tukawa tunapata habari za jua kabla halijachomoza.

Jumatatu moja Nassor akasema chombo kimeona mlipuko mkubwa. Dhoruba ya jua itafika duniani Alhamisi. Hakueleza zaidi, alikuwa anapanda gari. Wala Bi Mwatima hakuuliza. Moto uliotoka kule kote, ukasafiri siku zote hizo, utakuja kufanya nini kama si kukausha? Akawahimiza wachumaji, akatukusanya wanawake tukazichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vikawa vyeusi. Alhamisi akazitandika zote kwa pamoja: uwanja wake, nyanja zetu, hata ukingo wa njia.

"Shoga, upande wa Micheweni kumetanda wingu," akasema jirani yetu, Mwanakhamis.

"Wewe unatazama pazia, Mwanakhamis," akajibu Bi Mwatima. "Mwenzio ana habari za mwenye nyumba."

Adhuhuri haijaadhiniwa, mvua ikashuka. Tulikimbia na majamvi, tukigongana milangoni. Mwanakhamis alicheka mpaka akaliachia jamvi lake. Tukiwa bado tunahema, simu ikalia.

"Shangazi, utabiri umekuwa kweli. Dhoruba imefika, mashine yangu leo haisemi neno la maana."

"Imefika, mwanangu. Imetukuta uwanjani."

Nassor akaeleza polepole kwamba dhoruba ile haileti joto. Husumbua satelaiti, redio na nyaya za umeme. Na chombo kile kinalitazama jua tu, mawingu ya huku hakiyaoni.

"Kimepelekwa kote huko, na Konde hakiioni?"

"Kimetupa mgongo, shangazi."

"Basi hakina adabu."

Karafuu mbichi zikilundikwa hugeuka mpeta, nyeupe na hafifu, na mpeta hauna mnunuzi wa heshima. Kwa hiyo tukazisambaza sakafuni nyumba zote, mpaka chini ya vitanda. Ijumaa baada ya sala Nassor akaja kuomba radhi. Bi Mwatima akamwambia avue viatu na apandishe suruali yake ya ofisini.

"Geuza, mtabiri. Taratibu, usizivunje vichwa."

Jua lilirudi Jumapili. Zilizo nyingi zilipona, lakini kituoni magunia kadhaa yalikataliwa, na Bi Mwatima akayasindikiza nyumbani kama anayetoka mazikoni. Kitanda kikanunuliwa, kabati hapana. Mgeni akaenda kwa mumewe, huko Madungu, na nguo zake katika masanduku. Wakwe walipoyaangalia masanduku yale, mama yake akawaambia, bila kupepesa macho, kwamba kabati limecheleweshwa na dhoruba ya jua.

Wakampa pole.