Saa Tano Kutoka Dubai

Watu wa Masese, hapa Jinja, wanasema Namono ana roho mbaya. Mimi ni jirani yake, tunaanika mukene, dagaa wa ziwani, pamoja hapa mwaloni, na nasema Mafabi alistahili zaidi ya alichopata.

Mafabi ni mume wake, Mgisu wa Mbale kama yeye. Alikwenda Dubai kulinda maghala, akamwacha Namono na binti yao, Shallon. Malaria ilipomuua Shallon, Namono alimpigia Mafabi simu, mtoto akiwa bado amelazwa mkekani. Nilikuwepo, nikasikia kwa masikio yangu.

"Mama Shallon, Dubai si Buwenge hapo jirani," Mafabi alisema. "Huku ni mbali sana. Nyinyi zika tu."

Tukazika. Matanga yalipokwisha, Namono aliniomba nitafute kwenye simu yangu umbali wa kutoka Dubai hadi Entebbe. Nikamsomea: kilomita kama elfu tatu na mia saba, ndege saa tano na kitu. Gari la kutoka Entebbe hadi kwao Mbale, foleni ya Kampala ikilibana, huchukua zaidi ya hapo.

"Kumbe saa tano tu," alisema. Tangu siku hiyo moyo wake ukawa mgumu, na wangu pia.

Agosti ya 2024 Mafabi akapata nafasi ya kuja. Hakuja kuona kaburi. Alikuja kuposa msichana Mbale, akapita Jinja bila hata kusimama. Ulikuwa msimu wa tohara, ngoma zinazunguka mji mzima. Kwa Wagisu, mwanamume asiyepitia kisu hubaki mvulana hata awe na mvi, na mkewe akimtaja, ukoo humkamata na kumtahiri kwa nguvu. Mafabi alikuwa amewadanganya wazee kwamba alitahiriwa hospitali huku Jinja. Ukweli aliujua Namono peke yake, na alimfichia miaka yote ya ndoa.

Siku ya posa, habari ilipomfikia, Namono alimpigia mzee Masaba, baba mdogo wa Mafabi.

"Baba, mtoto yenu bado. Mimi mke yake nasema."

Watu wa ukoo walimfuata na ngoma hadi nyumbani kwa huyo mchumba. Mafabi akaruka ua, akaacha kiatu kimoja na zawadi zote za posa, akajificha hadi siku ya ndege. Niliposikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Namono hakucheka. Aliendelea kugeuza samaki.

Mwezi uliopita simu iliita tukiwa kwenye vichanja. Mama yake Mafabi alikuwa amefariki, na Mafabi alikuwa analia.

"Namono, ambia wazee ulidanganya. Nataka kuzika mama yangu. Nikifika Mbale watanikata."

"Wewe kuja tu," Namono akajibu. "Si mbali. Ni saa tano."

Akakata simu, akanawa mikono, akaniomba nimwangalizie samaki.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuzika. Yule mama alikuja kumzika Shallon."

Aliporudi alinisimulia yote. Jeneza lilikuwa tayari kando ya kaburi, na mzee Masaba akauliza mbele ya watu wote mwana wa marehemu yuko wapi. Namono akasimama.

"Yuko Dubai, baba," akasema. "Huko ni mbali sana. Tuzike tu."