Jibu Nililotoa Meli Ikiwa Palermo

Safari ile ya meli ilikuwa ya Hajja, si ya watoto wake. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana baadaye wako waliozungumza kana kwamba yeye ndiye aliyetaka kuiharibu.

Nilimhudumia Hajja miaka tisa, nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Hajja ndivyo tulivyomwita sote. Mwanawe nilimwita baba, ingawa nimemzidi umri, na mkewe nilimwita madam. Hajja mwenyewe aliniita "wewe msichana". Nina wajukuu sita kule Kwale, mmoja ameshaota ndevu, lakini kwa Hajja nilikuwa msichana mpaka mwisho. Tulizungumza kwa Kiarabu changu cha jikoni, naye akikipunguza chake kinifikie. Hapa nayaandika maneno yetu kwa Kiswahili, ndicho ninachokiweza. Shule niliishia darasa la nne.

Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa historia. Alimsimulia kwamba huko Palermo, mji wa bandari wa Wataliano, kuna kanisa kubwa la zamani, na mlangoni pake pana nguzo iliyochongwa maandishi ya Kurani, imebaki hapo tangu enzi za Waislamu waliotawala mji ule. Wakaahidiana wataiona pamoja. Mume akafa. Hajja akabaki na nguzo yake. Alipotimiza miaka themanini watoto wakamuuliza anataka zawadi gani. Akasema dhahabu anazo, anataka Palermo.

Mwanawe akatafuta meli ya siku saba. Kupanda Barcelona, halafu Marseille, Genoa, bandari ya kuendea Roma, Palermo, Malta, kisha siku nzima majini bila kusimama popote, na kurudi Barcelona. Orodha hiyo naijua mpaka leo, maana Hajja alinisomesha tukiwa tunakunja nguo, na nikikosea ananichapa kwa soksi.

"Baada ya Genoa?"

"Malta."

Soksi. "Wewe msichana, utatupoteza."

Na mimi nilikuwa niende. Viza yangu ilitoka, ikama yangu, kile kibali cha kuishi Saudia, haikuwa na tatizo, nimeshonewa abaya mpya. Sikulala vizuri wiki mbili kwa furaha, na mimi si mtu wa kufurahi hovyo.

Tulishuka Jeddah siku tatu kabla, kwa binti yake mwenye nyumba mtaa wa Aziziya, ili wote waondoke pamoja. Siku ya pili miguu ya Hajja ikavimba hata viatu vikakataa kuingia. Daktari akaja, akamsikiliza moyo, akasema ndege asipande. Apumzike, anywe dawa za kutoa maji mwilini, na ikifika hawezi kulala bila kuegeshwa mito kwa kukosa pumzi, basi hali imebadilika, watu wake waitwe. Maneno hayo aliyasema nikiwa nimeshika trei ya chai mbele yake. Niliyasikia yote.

Watoto wakasema wataahirisha. Hajja akawakatalia. "Nendeni. Mkinipiga picha ile nguzo nitakuwa nimekwenda."

Mwanawe akambusu kichwani. "Ukiniita tu, mama, nitashuka bandari iliyo karibu, nipande ndege nije." Akanigeukia. "Umesikia? Akiniita, uniambie."

Nikasema nimesikia, baba.

Wakaondoka wote, mwana, mkewe, binti, wakwe na watoto. Tukabaki watatu: Hajja, mimi, na dereva wa nyumba ile ya Aziziya, Mkenya mtu wa Nyeri, mtu mzima mwenye watoto sekondari, aliyekaa chumba cha getini. Mimi aliniita shosho, kama wanavyowaita bibi zao kwao.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Picha zilikuja simuni kwangu, nami namshikia Hajja. Huko Marseille aliona ngome juu ya bandari. Genoa aliona nyumba za rangi zimepandana mlimani, akasema wanaoishi juu kabisa lazima wawe na magoti ya mbuzi. Jioni madam anapiga, kabla meli haijang'oa nanga, anauliza, "Mama vipi?" Nami najibu, "Kwayis, madam. Mafi mushkila." Mzima, hakuna tatizo. Na kweli lilikuwa halipo.

Jibu hilo halikuanza hapo. Kabla hatujatoka Kenya tuliwekwa darasani Nairobi mwezi mzima, tunafundishwa kupiga pasi na kutumia mashine, na mwalimu wetu akatuimbisha kila asubuhi: mwajiri akiuliza, sema mafi mushkila. Nikaenda nyumba ya kwanza Riyadh. Mwaka huo huo mtoto wa pale akapata homa, mama yake yuko harusini. Nikampigia. Akaja mbio na mapambo yake, akakuta mtoto amelala, homa imeshuka. Akaniambia mbele ya dada zake, "Nimekuleta uniondolee matatizo, si uniletee." Walicheka. Sikurudia tena. Bomba likipasuka nafunga mwenyewe, mkono ukiungua nafunga mwenyewe, mama yangu mzazi alipofariki nilipika chakula cha mchana kama kawaida na nikasema mafi mushkila. Ulimi ulizoea. Wanawake wenzangu wa kazi hii wataelewa. Kuelewa kwao hakunisafishi.

Siku ya Palermo Hajja aliamka vibaya. Niliweka mto wa pili, halafu wa tatu. Akilala tu anashtuka, anashika shuka kama mtu anayezama. Adhuhuri dereva alikuja na dawa kutoka duka la dawa, akamwona akiwa mlangoni.

"Shosho, huyu si mzima. Twende hospitali."

"Nimemwambia, hataki. Anasema mumewe aliingia hospitali kwa miguu akatoka amebebwa."

"Basi pigia bosi."

"Jioni watapiga wenyewe."

"Hiyo simu haikuumi, shosho. Bonyeza tu."

Nikamwambia aende akaoshe gari.

Saa kumi ikaja video. Mwanawe amesimama mbele ya nguzo, anaionyesha kwa kidole, anasoma aya kwa sauti, watalii wanapita nyuma yake na kofia zao. Hajja alishika simu mwenyewe, akaisogeza karibu na jicho lake linaloona vizuri. Aliitazama mara tatu. Akafuata herufi kwa kucha juu ya kioo, video ikawa inasimama kila akigusa, namwanzishia upya. Kisha akanirudishia simu.

"Basi. Nimeiona. Sasa mwambie mwanangu aje."

Alisema hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza maji.

Ningeweza kupiga hapo hapo. Nilijiambia acha watembee kidogo, jioni si mbali. Mpaka leo najiuliza nilikuwa namhurumia nani.

Magharibi simu ikalia. Ni madam. Nyuma yake kelele, watoto wanagombea aiskrimu, honi ya meli inalia.

"Mama vipi?"

Mdomo wangu ukasema, "Kwayis, madam. Mafi mushkila."

"Alhamdulillah. Baba yuko na watoto. Yalla, tunaondoka sasa." Akakata.

Hajja alikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa, ameegemea mito yake mitatu. Moyo ndio uliokuwa mgonjwa, masikio yalikuwa mazima. Alinitazama. Hakunichapa kwa soksi, hakuniita msichana. Aligeuza uso upande wa ukutani, akabaki hivyo hata nilipomletea uji.

Nikatoka uani. Dereva akauliza, "Umemwambia?"

"Nimesema mzima."

"Mzima? Huyu?" Akaweka kikombe chini. "Shosho, wewe ni mtu wa aina gani?"

"Kesho wako Malta. Nitasema kesho."

Kesho yake, kumbe, Hajja akapata nafuu. Alikula tende mbili na mtindi, akaomba nimpake hina vidoleni. Pumzi ikatulia. Nikasema moyoni, unaona, si kitu. Hawakupiga siku hiyo, walichelewa matembezini, wakatuma picha tu za mji wa mawe ya manjano. Namba ya mwanawe ilikuwa simuni kwangu kutwa nzima. Wala sikuibonyeza. Baadaye daktari alinieleza kwamba wagonjwa wa moyo hupata nafuu ya namna hiyo, isikudanganye. Mimi ilinidanganya kwa sababu nilitaka kudanganywa.

Siku iliyofuata ndiyo ile ya majini, isiyo na bandari. Baada ya chai ya asubuhi midomo yake ikawa ya buluu. Hapo ndipo nilipopata ulimi. Nikarekodi sauti kwa mwanawe: "Baba, mama yako ana hali mbaya, anakuita, njoo." Ikaonyesha tiki moja, ya kijivu. Nikapiga, haiiti. Melini hakukuwa na mtandao. Dereva akambeba Hajja kama mtoto mpaka kwenye gari. Nilikaa naye nyuma, kichwa chake mapajani kwangu, nikimsomea shahada sikioni. Alifuatisha kwa midomo. Tulipokaribia hospitali aliacha kufuatisha.

Shemeji yake Hajja, mzee aliyekaa mtaa wa jirani, ndiye aliyesimamia kila kitu. Mimi na wanawake wawili wa msikitini tulimwosha. Hina ya vidoleni ilikuwa imekolea vizuri. Baada ya swala ya alasiri wakamzika. Nilipotazama simu, tiki ilikuwa moja bado.

Tiki zikawa mbili kesho yake, meli ilipofika Barcelona. Mwanawe aliingia Aziziya siku ya pili yake, na shati lile lile alilosafiri nalo, akaenda moja kwa moja chumbani akakuta kitanda kimetandikwa. Nilikuwa nimekitandika mimi. Siku tatu za matanga madam aliwaambia wageni kwamba alipiga simu karibu kila jioni na aliambiwa mama mzima. Alisema kweli. Nilipitisha kahawa katikati yao nikisikia.

Mwanawe hakuniuliza kitu. Tulirudi Riyadh, akashughulikia karatasi zangu za kuondoka moja kwa moja, maana niliyekuwa namhudumia hayupo tena. Siku ya safari alinipeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe, na hilo halikuwa kawaida. Alizungumza tulipokuwa tumeshatoka mjini.

"Ile video ya nguzo aliiona?"

"Aliiona, baba. Mara tatu."

"Alifurahi?"

"Alifurahi."

"Aliniita?"

Lilikuwa jambo rahisi kabisa kusema hakukuita. Angelala vizuri maisha yake yote, nami ningepanda ndege yangu.

"Alikuita," nikasema. "Siku hiyo hiyo, alipomaliza kuiona. Ulikuwa bado uko Palermo."

"Na jioni, madam alipopiga?"

"Nilisema hakuna tatizo."

"Kwa nini?"

"Sina sababu itakayokutosha, baba."

"Alirudia kuniita?"

"Hapana. Alisikia nilivyojibu."

Tulipofika akashuka, akatoa begi langu, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye foleni. Miaka tisa hakuna mwanamume wa nyumba ile aliyewahi kunibebea hata mfuko wa vitunguu. Alilisimamisha mbele yangu taratibu, kama la mtu mgonjwa. Nilitamani anitukane mbele ya wale watu wote, ningejua pa kuanzia kumwomba msamaha. Akageuka, akaenda zake, na foleni ikasogea.