Lazima Atakuwa Hai

Mwaka ule mvua ilianza vizuri, halafu ikakata. Pamba iliota, ikafika magotini, ikasinyaa. Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha tatu katika shule ya kata upande wa Itilima, na kila upepo ulipovuma vumbi la uwanjani liliingia kwenye madirisha yasiyo na vioo, tukasoma tumekunja nyuso.

Mada ilikuwa vile vitenzi visaidizi vya Kiingereza: can, may, must na ndugu zao. Wanafunzi wengi hawavipendi. Nyumbani wanaongea Kisukuma, Kiswahili wamekikuta shuleni, na Kiingereza kinawajia juu ya hivyo viwili. Siku hiyo nilikuwa naeleza kwamba must ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuamrisha: ni lazima uende. Ya pili ni kukisia, kwa mtu mwenye hakika yake: hajaonekana sokoni, basi lazima atakuwa nyumbani. Nikawaambia watunge sentensi za kazi hiyo ya pili.

Mmoja akasema mkuu wa shule lazima atakuwa ofisini, maana pikipiki yake ipo nje. Wakacheka. Kisha binti mmoja aliyekaa karibu na mlango, mrefu na mkimya, akasimama bila hata kunyoosha mkono.

"My father must be alive," akasema. Baba yangu lazima atakuwa hai.

Nilimwambia sentensi yake ni sahihi, akakaa. Nilipowatazama wenzake nikaona wote wanajua jambo ambalo mimi silijui.

Kengele ilipolia nilimwita nje, akanieleza. Baba yake alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda kusini, huko Lindi, kutafuta malisho. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, anauliza kama mtama umeota, anawasalimia wote mmoja mmoja. Baadaye simu ikawa haipatikani. Waliorudi kutoka huko walisema kila mtu lake. Kuna aliyesema wafugaji walipigana na wakulima na watu walikufa. Mwingine alisema baba aliugua.

"Na wewe umejuaje yuko hai?" nikamuuliza.

"Sijajua, madam. Ulisema tukisie."

Pamba kidogo iliyopatikana ilipokwisha kuvunwa, baba zake wadogo waliamua kuweka msiba. Walisema mtu hawezi kukaa hewani namna ile, na mke wake hawezi kuendelea kungoja. Sisi walimu tulikwenda kwa bodaboda. Mama yake binti alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, amenyolewa nywele, kanga imemshuka mabegani wala haipandishi.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma. Mimi ni mzaliwa wa Bariadi mjini, salamu hiyo nimekua nayo.

"Mwangaluka," akaitikia.

Nimekwenda misiba mingi lakini ule ulinielemea kuliko yote. Msiba una kazi zake: kuchimba, kubeba, kufukia. Pale hapakuwa na kaburi. Wanaume walikaa uani, mikono mitupu, wakiulizana habari za mifugo. Katekista alisali, tukala ugali na nyama, na baada ya kula hakuna aliyejua wakati wa kuondoka ni upi, kwa sababu hapakuwa na jambo lililokwisha. Binti alikuwa anagawa maji ya kunawa. Aliponifikia aliinamisha macho, akanimiminia taratibu, akapita.

Habari zilikuja nywele za mama yake zikiwa zimeanza kuota. Jirani mmoja aliyekuwa kusini alirudi akasema amemwona marehemu mnadani, anauza ndama. Ana nyumba ya bati, ana mke, ana mtoto anayetambaa. Alileta na namba yake mpya ya simu. Baba mdogo alipiga, na yule mtu akapokea. Alisema simu ya kwanza iliibiwa, namba zote zikapotea. Aliposikia kwamba amefanyiwa msiba aliuliza walichinja ng'ombe yupi.

Haya alinisimulia binti mwenyewe. Alisema yeye pia alipewa simu aongee.

"Akakwambia nini?"

"Aliniuliza niko darasa la ngapi. Nikasema kidato cha tatu. Akasema nisome kwa bidii."

"Na mama?"

"Mama alikataa kuishika simu."

Tulikuwa tumesimama nje ya ofisi ya walimu. Nilidhani amemaliza, nikaanza kutafuta neno la kumfariji. Lakini alikuwa amekuja na swali la somo.

"Madam, kwa Kiingereza unasemaje mtu aliweza kufanya jambo, ila hakufanya?"

Nikamwambia ipo namna, ingawa bado hatujaifikia. Nikampa mfano wa mvua ambayo ingeweza kunyesha. Alisogeza midomo bila sauti, akijaribu. Kisha akasema, "He could have called us." Angeweza kutupigia.

"Ndiyo," nikasema. "Ni hivyo hivyo."

"Nyumbani siwezi kuisema. Kwa Kisukuma mama ataelewa, kwa Kiswahili ataelewa."

Akairudia tena, polepole. Mimi kazi yangu ni kuwasahihisha wanafunzi matamshi, na yake yalikuwa na kasoro, lakini sikuthubutu kumrekebisha.

Mama yake alirudi kwa ndugu zake huko Zagayu kabla ya mwaka kwisha. Binti alibaki kwa baba mdogo ili amalize shule. Alimaliza, alama hazikutosha kuendelea kidato cha tano, akamfuata mama yake. Tangu hapo sijamwona.

Mama ndiye niliyemwona, mwaka jana, sokoni Bariadi, anauza dengu na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka. Aliniambia binti yuko shambani, analima pamba, mzima. Wakati tunaongea alipita mwanamke mmoja wa makamo, akainama akamshika mkono, akampa pole ya kufiwa na mume, akisema hakupata nafasi ya kufika kwenye msiba. Mama yule akamshukuru kwa upole, na mwenzake akaenda zake.

Nilimtazama. Alikuwa anazifunika dengu zake kwa kipande cha turubai, maana wingu lilikuwa limekusanyika.

"Wapo wengi," akasema. "Hawajapata habari. Mwanzoni nilikuwa nawaeleza, lakini wakishaelewa wanaondoka haraka. Siku hizi naitikia tu."

Akanipimia dengu, akaongeza konzi juu, akaniambia niwahi kabla haijanyesha.