Benchi la Akina Baba

Kwa miaka mitatu nilianza somo la afya namna ileile: "Akina mama huku, akina baba kule." Hapa Ilula hata kanisani tunakaa hivyo. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikauza nyanya kando ya barabara na kulea wadogo zangu wanne. Nilipochaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, nilichofundishwa nilikishika kama kilivyo. Siku ya somo la saratani ya shingo ya kizazi, akina baba niliwaambia wakanywe chai.

Fundi pikipiki, jirani wa meza yangu ya nyanya, aliondoka nao. Kesho yake akaja, akawa anabonyeza nyanya bila kununua.

"Kaka, hizo si honi."

Hakucheka. "Dada, jana uliwafundisha nini akina mama?"

"Ya nini? Unaoa?"

Akasubiri lori lipite. Ndipo akaniambia kwamba alizaliwa na mwili wa kike, akalelewa kama binti kwao Usangu, ila tangu utotoni alijijua ni mwanamume, na hapa anaishi hivyo. Miezi miwili sasa alikuwa akitokwa damu ovyo.

"Nikikaa kwa akina mama, kesho sina mteja. Nikikaa kwa akina baba, sisikii kitu."

Nilikuwa na maswali chungu nzima. Moja nikaliuliza. Akasema hilo halihusiani na damu, na kweli halikuhusiana. Nilipomsihi aende zahanati akagoma. Alitaka kwanza alisikie somo lote kama wengine.

Nikaenda kwa nesi peke yangu, sikutaja mtu. "Sista, anayeishi kama mwanamume, naye ana kizazi, kipimo chake kikoje?"

"Kizazi ni kizazi. Tunapaka siki ileile kwenye shingo ya kizazi, tunaangalia kama panageuka weupe. Aje alasiri, watu wakiwa wameondoka. Nimwiteje?"

"Kaka."

Wiki hiyohiyo nikawaita watu tena. "Leo kaeni mlivyozoea, ila haondoki mtu. Mwenye kizazi asikie, asiye nacho asikie pia." Nikaeleza kipimo cha siki.

"Sasa dada, mimi hiyo siki nitapakwa wapi?" mzee mmoja akadakia.

"Wewe tia kwenye kachumbari, babu, kisha umsindikize bibi."

Wakacheka mpaka benchi la akina baba likayumba. Fundi alikuwa katikati yao, akicheka nao, na safari hii hakuondoka. Nilitaja dalili zote polepole, damu nikaitaja mara mbili.

Alhamisi alasiri alikwenda zahanati, nami nikamsindikiza. Nilikaa nje ya chumba nikijiuliza ni wangapi niliowahi kuwatuma kwenye chai. Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi.

"Sista ameona kidonda. Anasema ni mapema, ila nikapimwe zaidi Iringa mjini." Akaikunja karatasi mara nne. "Dada, huko nako wataniita kaka?"

"Sijui," nikasema. "Kesho nafunga meza, twende tukaulize."